Antena za Nuru na Mkondo Mnyoofu: Historia Fupi kwa Kuangalia Kasongo na Kabambare

Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya wazo moja la kifizikia ambalo halijazungumzwa sana kwa Kiswahili, nalo ni kwamba mwanga unaweza kunaswa kwa antena, kama mawimbi ya redio yanavyonaswa, kisha ukageuzwa kuwa umeme. Paneli za jua zinazoonekana leo juu ya mapaa ya zahanati na maduka hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani ya paneli hizo chembe ya mwanga huipiga elektroni katika silikoni na kuifungua kutoka mahali pake. Chembe yenye nguvu ndogo kuliko kiwango fulani hupita bure, na yenye nguvu kubwa kupita kiasi huacha ziada yake kama joto. Ndiyo sababu William Shockley na Hans Queisser walipopiga hesabu yao mwaka 1961 walikuta kwamba paneli ya tabaka moja haiwezi kugeuza zaidi ya theluthi moja hivi ya nguvu ya jua. Antena haihesabu chembe. Yenyewe huupokea mwanga ukiwa wimbi, wimbi likazitikisa elektroni ndani ya metali huku na huku, na mtikisiko huo ndio umeme.

Huenda msomaji akashangaa kuona Kasongo na Kabambare zikitajwa katika habari ya vyombo vilivyobuniwa Florida, Idaho na Colorado. Sababu zipo. Waya wa kunasia mawimbi ulifika Maniema mapema, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Dhahabu, ambayo ndiyo metali iliyotumika katika baadhi ya antena hizo, imechimbwa Kabambare kwa miongo mingi. Tena, Kasongo ni mojawapo ya vituo vya kale vya Kiswahili cha bara, na jambo jipya halina budi kupata jina katika lugha ya watu watakaofundishwa jambo hilo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tangu mwanzo kunasa wimbi halikuwa jambo gumu sana. Ugumu ulikuwa katika kulinyoosha, yaani kuugeuza mtikisiko wa huku na huku uwe mkondo uendao upande mmoja, ambao mtu anaweza kuutumia.

Foromali na papasi

Neno antena lina asili ya baharini. Katika Kilatini lilikuwa jina la boriti iliyobeba tanga, yaani kile ambacho mabaharia wa pwani yetu hukiita foromali. Katika karne ya 15 mfasiri Theodorus Gaza, alipokuwa akimtafsiri Aristotle kwa Kilatini, alilitumia neno hilohilo kutaja pembe nyembamba za wadudu, ambazo Waswahili huziita papasi. Karne nne baadaye Waitaliano walikuwa bado wanaita mlingoti antena, na Marconi alipotundika waya wake juu ya mlingoti mwaka 1895, jina likahamia kwenye waya. Kwa hiyo lugha yetu ilikuwa na maneno mawili yenye maana zilezile za kale, na kila moja lingeweza kufuata njia hiyo. Halikufuata. Antena ilikuja pamoja na chombo chenyewe, ikakaa.

Urefu wa wimbi, na shajara ya Kabambare

Ili kuelewa kwa nini antena ya nuru ni ndogo mno, inafaa kuanza na urefu wa wimbi. Antena hufanya kazi vizuri inapokuwa na urefu unaokaribia nusu ya wimbi inalopokea. Mawimbi ya redio ya mwanzo yalikuwa na urefu wa mamia ya mita, hata maelfu. Mwanga unaoonekana una wimbi la nanomita 400 hadi 700, na nanomita moja ni sehemu ya bilioni moja ya mita. (Neno nano limetoka katika Kigiriki kwa maana ya mbilikimo, wanafunzi wasilitafute karibu na nane.) Antena yake basi ingekuwa na urefu wa nanomita 200 hadi 350, na mamia yake yangepangwa safu moja bila kuzidi unene wa unywele.

Kabambare yenyewe ina ushahidi mzuri wa jinsi mata inavyojibu kila wimbi kwa namna yake. David Livingstone alikaa huko, mahali alipopaandika Bambarre, kwa vipindi kati ya 1869 na 1871, na kwa miezi mingi hakuweza kuondoka kwa sababu ya vidonda vya miguu. Karatasi na wino wake vilipokaribia kwisha, pale na baadaye Nyangwe, aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino uliotokana na mmea alioutaja kama zingifure, ambao bila shaka ni zinjifuri ya kamusi zetu. Wino huo ulififia kiasi cha kutosomeka. Kuanzia mwaka 2010 kundi la watafiti liliipiga picha shajara hiyo chini ya taa za rangi moja moja, toka urujuanimno hadi infraredi. Chini ya infraredi wino wa Livingstone ulitoweka kabisa, yakabaki maandishi ya gazeti peke yake; chini ya taa nyingine ulijitokeza. Kwa kulinganisha picha hizo maneno yaliyokuwa yamepotea kwa zaidi ya miaka 130 yalisomeka tena. Kwa wino ule, mwanga wa samawati na infraredi ni vitu viwili tofauti kama mchana na usiku. Antena nayo huchagua vivyo hivyo: iliyotengenezwa kwa wimbi moja haipokei vizuri wimbi jingine.

Waya wa Kindu

Kati ya 1911 na 1913 serikali ya Ubelgiji ilijenga katika Kongo mtandao wa simu ya upepo chini ya usimamizi wa Robert Goldschmidt. Vituo vyake vilianzia Banana na Boma vikapanda mto hadi Stanleyville, kisha vikaendelea kusini kufikia Elisabethville, na Kindu na Kongolo vilikuwa miongoni mwavyo. Reli ya kati ya miji hiyo miwili ilikuwa ndiyo kwanza imemalizika. Kasongo, iliyo kati yake, ilikuwa imetekwa na jeshi la Dhanis mwezi Aprili 1893, na utawala wa Wazungu ulikuwa haujafikisha miaka 20 pale milingoti iliposimama.

Lililo muhimu hapa ni namna mawimbi yalivyopokelewa. Mwaka 1874 Ferdinand Braun wa Ujerumani aligundua kwamba baadhi ya fuwele zenye metali na salfa hupitisha umeme kwa urahisi upande mmoja kuliko upande wa pili. Mwaka huohuo Cameron aliingia Nyangwe na kukutana na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baada ya muda mfupi aliifanya Kasongo makao yake. Ugunduzi wa Braun ulikaa bila kazi kwa zaidi ya robo karne. Kisha Jagadis Chandra Bose wa Kalkata akaomba hataza ya kipokezi cha galena mwaka 1901, na Greenleaf Pickard wa Marekani akafuata na silikoni mwaka 1906. Katika miaka ambayo vituo vya Kongo vilijengwa, fuwele ilikuwa chombo cha kawaida cha kupokelea duniani.

Kipokezi cha fuwele hakihitaji betri. Wimbi huingia katika antena likiwa mkondo geu, fuwele hukata upande mmoja wa mtikisiko na kuacha upande wa pili upite, na mkondo uliobaki, dhaifu sana, hutosha kutoa sauti katika kisikizi. Nguvu yote iliyolifikia sikio ilitoka katika wimbi lenyewe. Kwa hiyo mtu aliyekaa na kipokezi cha namna hiyo mwaka 1913 alikuwa akifanya jambo lilelile ambalo maabara ya leo hujaribu kulifanya kwa mwanga: kunasa, kunyoosha, kutumia. Taa za kielektroniki na betri zilipoenea, wazo la kwamba wimbi linaweza kuendesha chombo likasahaulika, labda kwa sababu kiasi chake kilikuwa kidogo mno kumvutia mtu.

Kutoka redio hadi nuru

Wazo lilirudi kupitia mikrowevu. Mwaka 1964 William Brown wa kampuni ya Raytheon aliirusha helikopta ndogo isiyokuwa na mafuta wala betri, ikining'inia hewani kwa nguvu ya mikrowevu iliyopelekwa kutoka chini na kunyooshwa na diodi zilizofungwa katika antena yake. Muungano huo wa antena na diodi ndio ulioitwa rektena. Miaka minane baadaye, mwaka 1972, Robert Bailey wa Chuo Kikuu cha Florida aliuliza swali lililokuwa likingoja kuulizwa: ikiwa mikrowevu yaweza kunyooshwa, kwa nini mwanga usiweze, hali vyote viwili ni mawimbi ya aina moja? Alipendekeza vinundu vya umbo la piramidi vyenye ukubwa unaolingana na wimbi la mwanga. Hataza ilitolewa mwaka 1973 na ina jina la James Fletcher pia. Huyu alikuwa mkuu wa NASA na jina lake liliwekwa kwa taratibu za serikali. Wanaomwandika kuwa mvumbuzi mwenza wanamzidishia.

Bailey hakuwa na njia ya kukitengeneza alichokichora, na hakuna mtu aliyekuwa nayo. Mwaka 1996 Guang Lin na wenzake walitoa ripoti ya jaribio lililoonyesha dalili za mwanga kupokelewa na kunyooshwa na vipande vidogo vya metali. Mwaka 2008 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Idaho, wakiongozwa na Steven Novack, walitangaza karatasi ya plastiki iliyopigwa chapa ya mamilioni ya antena za dhahabu. Zilikuwa na umbo la mzunguko wa pembe nne na zilikusudiwa kunasa infraredi, yaani joto. Walisema antena hizo zinapokea sehemu kubwa sana ya nguvu inayozifikia, hadi asilimia 80. Magazeti mengi yalikomea hapo, na wasomaji wakaelewa kwamba paneli ya asilimia 80 imepatikana. Kumbe karatasi ile haikutoa umeme wa kutumika, kwa kuwa diodi ya kuunyoosha mkondo wake haikuwapo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwanga hutikisika mara trilioni 500 hivi kwa sekunde, na diodi ya kawaida ingali inajifungua wakati wimbi limekwisha geuka na kurudi. Njia iliyotafutwa ni kuweka metali mbili pamoja na kuzitenganisha kwa utando wa kihami wenye unene wa nanomita chache tu. Katika unene huo elektroni hupenya kana kwamba ukuta haupo, na hupenya upesi sana. Lakini metali mbili zilizotenganishwa kwa kihami ni kapasita, na kapasita humeza mitikisiko ya haraka. Ukikipunguza chombo ili kisimeze, ukinzani wake unapanda. Ukipunguza ukinzani, uwezo wake wa kumeza unapanda. Fundi huvuta shuka kufunika kichwa, miguu ikabaki nje.

Mwaka 2015 kundi la Baratunde Cola wa Georgia Tech lilionyesha kwa mara ya kwanza rektena inayogeuza mwanga wenyewe kuwa mkondo mnyoofu. Lilitumia msitu wa mirija ya kaboni iliyosimama wima, kila mmoja ukiwa na kipenyo cha nanomita 10 hivi na diodi yake kwenye ncha. Ufanisi ulikuwa mdogo mno, chini sana ya asilimia moja. Mwaka 2021 maabara ya Garret Moddel huko Colorado ilitumia tando mbili za kihami badala ya moja, ikapata rektena ya joto yenye ufanisi unaokaribia mara 100 ya zile zilizotangulia. Ni hatua kubwa ya kisayansi. Hata hivyo mara 100 ya kitu kidogo mno bado ni kitu kidogo.

Dhahabu ya Namoya

Katika mtaa wa Kabambare, vilima vya Namoya vimechimbwa dhahabu tangu miaka ya 1930, kwanza mchangani na baadaye katika miamba ya Mwendamboko na Kakula. Haki za uchimbaji zilipitia mikono ya kampuni za kikoloni, zikaingia SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976, kisha Banro, iliyoanza uzalishaji wa kibiashara Namoya mwezi Januari 2016 na kuusimamisha mwaka 2019 kwa sababu ya usalama. Pembeni mwa kampuni, wakati wote, kumekuwa na wachimbaji wadogo wenye sululu na karai.

Mtu anayesikia kwamba antena za nuru zilitengenezwa kwa dhahabu huona mara moja soko jipya kwa Kabambare. Hesabu rahisi inaonyesha vingine. Tabaka la dhahabu lenye unene wa nanomita 50 likifunika mita moja ya mraba nzima lina uzito usiofika gramu moja, na antena hazifuniki eneo lote. Kilo moja ingetosha zaidi ya mita 1,000 za mraba. Hata oksidi ya tantali, metali itokayo katika koltani ya Maniema, ambayo imejaribiwa katika tando za diodi hizi, huhitajika kwa kiasi kidogo zaidi. Thamani ya chombo iko katika kukichonga, na kuchonga kwa vipimo vya nanomita kunahitaji vyumba visivyo na vumbi na mashine za bei kubwa kuliko mgodi mdogo. Kwa hiyo wanaowaambia vijana wa Namoya kwamba teknolojia ya namna hii itapandisha bei ya madini yao wanawapotosha.

Mkondo uliopita juu ya vichwa

Nchi hii imekwisha kuona unyooshaji wa mkondo kwa kiwango kikubwa sana. Mwaka 1982 njia ya umeme ya Inga hadi Kolwezi ilimalizika, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi. Kwa umbali huo mkondo geu ungepotea mwingi njiani, hivyo ulinyooshwa Inga, ukasafiri ukiwa mnyoofu, ukageuzwa tena Kolwezi kwa ajili ya migodi ya shaba. Lakini mkondo mnyoofu wa nguvu hiyo hauchotwi njiani kwa transfoma ya kawaida. Kila mahali pa kuuchota pangehitaji kituo cha kugeuzia chenye gharama kubwa, na vituo vilijengwa kwenye ncha mbili tu. Vijiji vilivyo chini ya waya viliuona ukipita. Maniema haikuwa hata chini ya waya. Katika nchi nzima, kwa takwimu za miaka ya karibuni, ni mtu mmoja hivi kati ya watano anayepata umeme, na mashambani ni wachache zaidi.

Kwamba umeme kidogo ulio mahali pake waweza kuwa na uzito kuliko mwingi unaopita, Kasongo inajua. Mradi wa afya ulioanzishwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp ulifanya uchunguzi wa chanjo ya surua kwa watoto wadogo, na matokeo yake, yaliyochapishwa katika The Lancet mwaka 1981, yalijadiliwa duniani kote. Chanjo hiyo huharibika isipowekwa katika baridi. Jua la adhuhuri huipa kila mita ya mraba nguvu ya wati 1,000 hivi, na Kasongo, iliyo nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta, hupata jua la utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Paneli ya kawaida ya silikoni hutoa humo wati 150 hadi 220, zinazotosha friji ndogo ya chanjo. Rektena ya leo yenye eneo hilohilo haingewasha hata taa ya kusomea.

Inadaiwa vilevile kwamba antena za infraredi zitatoa umeme usiku, kutokana na joto la ardhi. Dai hili lina ukweli ndani yake na lina kikomo. Joto halitoi kazi pasipo kuwapo mahali baridi pa kulipokea, na baridi hiyo ni ya anga ya juu. Jangwani, penye anga kavu, ardhi hutupa joto lake moja kwa moja juu. Maniema yenye mvuke na mawingu hurudishiwa sehemu kubwa ya joto hilo, kwa hiyo pato lake lingekuwa dogo kuliko la Sahara. Mwanafunzi anayechagua somo la utafiti aanze na jambo hili kabla ya kuanza na asilimia 80 ya magazetini.

Istilahi

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, wakati ambapo rektena ya mwanga ilikuwa mchoro tu. Uwanja huu basi ungali wazi. Kwa chombo kizima, antena ya nuru inafaa kuliko antena ya mwanga. Katika matumizi ya kila siku mwanga ni kile ambacho jicho hukiona, ilhali antena za Idaho na Colorado zilinasa kisichoonekana. Nuru, kwa upande wake, imezoea zamani kutumika kwa yale ambayo jicho haliyafikii. Umeme nao ulihama vivyo hivyo: katika kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 ni umeme wa mvua, na maana ya waya ilikuja baadaye. Katika Kiswahili cha Kongo wengi husema kura, kutoka Kifaransa courant, na mgeni kutoka Dar es Salaam akiambiwa kura imekatika huenda akadhani ni habari za uchaguzi. Neno mkondo lina faida ya kuelewa pande zote mbili, maana kila aishiye kando ya Lualaba anaujua mkondo.

Kwa diodi ni vigumu kupata neno moja, na pengine si lazima. Mkopo huo ni mfupi na hutamkika. Maana yake hata hivyo inaweza kufunzwa kwa chombo kilichopo: mgono wa wavuvi, ambao mdomo wake wa fito huelekea ndani, samaki akaingia na asipate pa kurudi. Mwalimu wa Kasongo akiuchora mgono ubaoni, Wagenya wa darasa lake watamweleza wenyewe kwa nini fito zikikaa mbali mbali samaki hutoroka, na kwa nini zikikazwa mno haingii hata mmoja. Tatizo la Bailey ni hilohilo, kwa kipimo cha nanomita mbili.